Nyumba Haijiuzi

Msikilizaji, waliosema kizuri chajiuza hawakuwa wakiuza nyumba Dar es Salaam. Nyumba nzuri inaweza kukaa miaka miwili ikizungushwa na madalali kutoka Tabata mpaka Kariakoo, picha zake zimezeeka kwenye simu za watu, na bado hajatokea wa kufika bei. Halafu nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu na sebule, ikaondoka ndani ya mwezi mmoja kwa sababu mwenyewe alijua anayekuja kununua anatazama nini. Leo nataka tuzungumze hilo: namna ya kuiandaa nyumba kabla hujaitia sokoni.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba kama kazi ya kulipwa ilianzia Marekani. Dalali mmoja wa nyumba wa eneo la Seattle, Barb Schwarz, ndiye anayetajwa kuwa aliianzisha mwaka 1972. Siku hizi kule wapo watu wasio na kazi nyingine ila hiyo. Wanafika kwenye nyumba tupu na lori la samani za kukodi, wanapanga makochi, vitanda, taa na picha za ukutani, nyumba inapigwa picha, inatazamwa, inauzwa, na samani zinarudi ghalani kungoja nyumba nyingine. Hapa kwetu wanaofanya hivyo ni wajenzi wa fleti za gharama, ambao hupamba fleti moja ya mfano ili wauze zote.

Lakini wazo lenyewe si geni katika pwani hii. Ukiingia katika zile nyumba kubwa za mawe za Lamu utakuta ukuta wa ndani umejaa zidaka, vishubaka vya plasta safu juu ya safu, na humo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Hazikuwekwa hapo ili zipakuliwe wali. Ziliwekwa zitazamwe. Na mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Unguja, fahari yake iko upande wa barabarani, kwa mpita njia asiyeingia ndani. Wazee wetu walijua kwamba nyumba ina upande wake wa kumsemesha mgeni. Wao walikuwa wakilinda heshima. Sisi leo tunatafuta bei.

Sasa, kosa la kwanza la wauzaji wengi ni kudhani mnunuzi anakuja kutazama vitu vyao. Chukua sebule ya kawaida ya mjini. Seti nzima ya makochi mazito, meza ya kioo katikati na stuli zake, kabati la televisheni linalokaribia kugusa dari, friji limesimama hapo hapo sebuleni, na ukutani picha ya mahafali, picha ya harusi, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ina picha nzuri. Mgeni akiingia anapita ubavu ubavu. Akitoka anamwambia dalali sebule ni ndogo. Sebule si ndogo hata kidogo, makochi ndiyo yameimeza. Mnunuzi ana kabati lake huko alikopanga, na swali lililo kichwani mwake ni moja: litakaa wapi?

Kwa hiyo peleka nusu ya vitu hivyo kwa mdogo wako, au kwa jirani mwenye chumba cha ziada, mpaka biashara iishe. Na zile picha za familia zishushe pia. Hili watu hulipuuza, nami naona lina maana kubwa kwetu kuliko hata kwa hao Wamarekani. Mtu aliyelelewa vizuri, akikuta picha ya harusi yako inamtazama, anajiona yuko ugenini. Na mgeni mwenye adabu hafungui kabati la jikoni, hachungulii chooni, haingii chumba cha kulala cha watu. Anakaa, anakunywa maji, anashukuru, anaondoka. Wewe unamtaka afungue kila mlango! Basi mwondolee haya.

Lipo jambo jingine ambalo ni letu hasa. Msikilizaji wa Dar es Salaam umeliona mara nyingi, ukutani, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Tunajua yanatoka wapi maandishi hayo. Tapeli anamwonyesha mtu nyumba isiyo yake, anapokea fedha, anatoweka. Au baba amefariki, mtoto mmoja anataka kuuza kimyakimya, wenzake wanawahi kuandika ukutani. Sasa siku imefika, ndugu mmekubaliana, nyumba inauzwa kweli. Mnachukua rangi ya maji nyeupe mnapaka juu ya yale maandishi. Rangi nyekundu ina ukaidi wake: ukiipiga nyeupe mkono mmoja, herufi zinachungulia. Mnunuzi anasimama barabarani, jua limepiga ukuta, anasoma taratibu: hai… u… zwi. Hapo hata kama ndani una marumaru ya Italia, mawazo yake hayapo tena kwenye marumaru. Anajiuliza ni nani aliyeandika. Mke mkubwa? Shangazi? Benki?

Dawa ya hofu hiyo ni karatasi. Ukiniuliza mimi, pambo la kwanza la nyumba inayouzwa mjini kwetu ni faili moja safi juu ya meza. Ndani yake nakala ya hati, na kama eneo halijapimwa, leseni ya makazi au mkataba wako wa mauziano uliosainiwa mbele ya serikali ya mtaa. Mnunuzi ajue mapema anachonunua, kwa sababu hati na leseni ya makazi si kitu kimoja, na bei zake haziwezi kuwa moja. Hati za makazi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, hivyo iliyobakiza miaka michache isimshangaze mtu siku ya kuhamisha umiliki. Kama nyumba ni ya urithi, iwepo barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, na majina ya warithi na saini zao. Na mwambie mnunuzi wazi: nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, namba ya hati hii hapa. Muuzaji anayemsukuma mnunuzi kwenda kufanya upekuzi amekwisha kupunguza nusu ya wasiwasi wake.

Na mwenzi wako, msikilizaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni lake peke yake. Nimewahi kusikia wanaume wakisema, "Mama watoto nitamwambia nikishapokea hela." Baba, huyo mama watoto ndiye atakayemkaribisha mnunuzi mlangoni. Uso wake utasema yote kabla hujafungua kinywa. Nyumba ambayo mwenye jiko hataki iuzwe, mnunuzi anainusa tangu getini.

Nikupe tukio moja. Nilimsindikiza kaka yangu na mkewe kutazama nyumba Kinyerezi. Nyumba imepakwa rangi upya, nyeupe ya maziwa, bado inanukia. Dari la jipsamu lenye taa za kujificha zinazobadilika rangi, pevingi mpaka getini. Dalali anatembea mbele kwa madaha. Kaka ameshaanza kuhesabu milioni kichwani. Shemeji amenyamaza. Tulipofika chumba cha nyuma, kabati la nguo limewekwa mahali pa ajabu, limeziba nusu ya dirisha. Shemeji akamwambia dalali kwa upole, "Kaka, naomba hili kabati lisogezwe kidogo."

Dalali akacheka. "Shemeji, kabati zito hilo."

"Tutasaidiana."

Likasogezwa. Nyuma yake, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, rangi imevimba malengelenge. Shemeji akabonyeza moja kwa ukucha, likapasuka, unga mweupe ukamwagika sakafuni. Chumvi. Dalali akasema hayo ni mambo ya kawaida, mtaa mzima uko hivyo. Hakuna aliyemjibu. Kaka akaacha kuhesabu, na tangu dakika ile tulikuwa tunatafuta tu namna ya kuaga bila kumvunjia mwenye nyumba heshima. Kilichomfukuza shemeji ni kabati. Chumvi kwa Dar es Salaam ungeweza kuijadili, ukapunguza bei, ukaleta fundi. Kabati lile lilimwambia kwamba mwenye nyumba anajua, na ameficha. Na kama ameficha hili, je, lile asiloweza kulisogeza?

Tuseme kidogo juu ya chumvi hiyo, maana inawatesa wengi. Tofali la saruji linavuta maji kutoka ardhini. Kama fundi wakati wa kujenga hakuweka nailoni nzito kati ya msingi na ukuta, unyevu unapanda pole pole, ukifika juu maji yanakauka na chumvi inabaki, inasukuma ripu na rangi kutoka ndani. Wakati mwingine chumvi imo kwenye mchanga wenyewe, hasa uliochotwa karibu na bahari. Wakati mwingine ni bomba linalovuja ndani ya ukuta, au ardhi ya nje imeinamia nyumba badala ya kuipa mgongo, mvua ikinyesha maji yanalala kwenye msingi. Ukipaka rangi juu ya hayo unajinunulia miezi michache. Cha kufanya ni kutafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ziba bomba, chimba mfereji, geuza mteremko wa nje. Kisha bandua ripu iliyooza mpaka tofali, uache ukuta ukauke, na huko kukauka kunataka subira ya wiki, si siku mbili. Ndipo upige ripu mpya, skimu, na rangi. Kama huna fedha ya kazi hiyo, usipake kitu. Acha ukuta uonekane, mweleze mnunuzi, mkate kwenye bei. Rangi mpya juu ya ukuta unaotoa chumvi ni uongo, tena uongo unaojifichua wenyewe.

Mambo madogo madogo nitayapitia haraka. Koki inayodondoka, kitasa kinacholegea, swichi iliyoungua, wavu wa mbu uliotoboka, kioo cha dirisha kilichozibwa kwa boksi: haya fundi anayamaliza kwa siku moja au mbili, na ndiyo yanayomfanya mtu aseme nyumba imechoka. Jaza tangi usiku uliotangulia, kwa sababu lazima mtu atafungua bomba. Hakikisha umeme upo kwenye LUKU. Ni aibu taa kuzimika mnunuzi yuko bafuni. Mifuko ya saruji iliyoganda, matairi, friji bovu la tangu enzi hizo lililogeuzwa kabati la viatu uani, toa vyote.

Choo usafishe, hilo halina mjadala. Lakini nikutahadharishe juu ya udi. Sisi watu wa pwani tukisikia ugeni tunakimbilia chetezo. Nyumba inayonukia udi mzito saa nne asubuhi, siku isiyo na shughuli yoyote, inamfanya mnunuzi mwenyeji ajiulize chemba iko wapi na mara ya mwisho gari la majitaka lilikuja lini. Fungua madirisha mapema, nyumba iingie upepo. Mjini kwetu upepo wenyewe ni mali. Nyumba inayopokea kusi vizuri haihitaji maelezo: mkaribishe mtu asimame katikati ya sebule, feni imezimwa, pazia linacheza. Halafu nyamaza.

Wapo ndugu zetu wanaonunua wakiwa mbali, Muscat, London, Minnesota, na macho yao ni simu ya mtu aliyetumwa. Video nyingi zinazotumwa zinaanzia sebuleni na kumalizikia sebuleni, giza, mtoto anapita, redio inapiga kelele. Anza barabarani, bwana. Onyesha lami inapoishia, pita njia yote mpaka getini bila kukata, ili mtu aone gari ndogo itapita au haitapita. Onyesha nyumba za majirani. Onyesha mita ya maji. Kisha ingia ndani, mchana, mapazia wazi, simu umeilaza, unatembea polepole. Aliyeko Muscat hana njia ya kusogeza kabati, kwa hiyo msogezee wewe.

Hapa lazima niseme neno juu ya madalali, na sisemi kwa ubaya, wengine ni watu waaminifu wanaotembea juani kutwa. Tatizo ni cha juu. Wewe unasema milioni 120. Dalali wa kwanza anaweka chake, anampigia mwenzake, naye anaweka chake, na mnunuzi yule yule anatumiwa nyumba ile ile na watu watatu kwa bei tatu, 135, 140, 150. Anahitimisha kwamba mwenye nyumba hajulikani au hajui anachotaka. Kazi yako yote ya kupanga sebule imekwenda na maji. Chagua mmoja au wawili, andikianeni malipo yao kwa karatasi, na bei iwe moja mdomoni mwa kila mtu, pamoja na mdomo wa shangazi.

Ila usije ukatumia fedha pasipostahili. Kuna maeneo mnunuzi hanunui nyumba kabisa, ananunua kiwanja. Kariakoo zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, nyingi zimekwisha kuvunjwa yakainuka maghorofa, na sehemu za Sinza na Kinondoni zinafuata njia hiyo. Huko ukibadilisha marumaru unampa kazi mvunjaji. Mnunuzi wa aina hiyo haulizi chumba cha kulala kina kabati la ukutani. Anauliza bikoni ziko wapi. Basi fyeka majani, safisha pembe zote nne za kiwanja, zifukue bikoni zilizofunikwa na takataka, ramani ya upimaji iwe mkononi, na kama jirani alisogeza uzio wake hatua mbili ndani kwako miaka hiyo mkanyamaza kwa ujirani mwema, limalizeni sasa. Halitamalizika mnunuzi akiwa amesimama hapo na fundi wake na futi kamba.

Kwa nyumba ya kukaa, jiwekee mpaka. Jiko jipya la milioni nyingi, dari lenye ngazi tatu, taa za rangi, hayo ni mapenzi ya mtu binafsi na mwenzako anaweza kuja kuyang'oa wiki ya kwanza. Rangi moja tulivu, ukuta mkavu, bomba linalotoa maji, mlango unaofunga bila kubebwa kwa bega, hivyo ndivyo vitu ambavyo kila mtu anavilipia. Na kila unachotengeneza, dai risiti. Ukiuza kwa faida kuna kodi ya ongezeko la mtaji, na gharama za kuboresha nyumba huhesabiwa upande wako iwapo una kithibitisho. Aliyelipa fundi kwa mkono na kuridhika kwa neno la ahsante, Mamlaka ya Mapato haitamsikiliza.

Nimalizie na mvua, kwa sababu ndiyo inayonikera zaidi. Dar es Salaam ina masika, Machi hadi Mei, na vuli mwishoni mwa mwaka, na ina mabonde ambayo kila mtu anayajua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande. Hata hivyo kila mwaka, Julai na Agosti, vumbi likiwa limetanda, kuna mtu anapaka rangi nyumba inayoingia maji, anaotesha maua getini, anamwita mnunuzi kutoka mkoani asiyeijua Dar es Salaam. Alama ya maji ukutani imefunikwa. Majirani wameombwa wanyamaze, nao wamenyamaza. Miezi minane baadaye familia ile ngeni inaweka watoto juu ya meza usiku wa manane.

Hayo hayamo katika kuandaa nyumba, na mtu asije akayaita hivyo. Kama nyumba yako huingia maji, msikilizaji, mwambie mnunuzi kabla hajauliza, mwonyeshe maji yalifika wapi, na bei iliyobaki baada ya maneno hayo ndiyo bei ya nyumba yako.